Kuvuka kwenda Kanada na grini kadi bila pasipoti: inawezekana au haiwezekani?

Hili swali linarudi kila likizo ikikaribia. Mtu anakaa Detroit au Buffalo, miji ya Marekani iliyo mpakani na Kanada, grini kadi (kadi ya mkaazi wa kudumu wa Marekani) anayo, pasipoti ya nyumbani ilishaisha muda miaka imepita au hajawahi kuwa nayo kabisa, sasa ndugu yake anaoa Toronto na watu wanapanga gari. Anauliza, si nina kadi ya Marekani, nisipite nayo tu darajani? Jibu la haraka ni kwamba kadi itakurudisha Marekani lakini haitakuingiza Kanada. Hapo umepata nusu ya habari, hiyo nusu nyingine ndo inayowakwamisha watu kwa hiyo kaa nami.

Mpakani kuna nchi mbili na kila moja ina swali lake. Nchi unayoishi inauliza hivi: huyu ana haki ya kurudi kukaa hapa? Kadi ya ukaazi inajibu hilo vizuri tu. Nchi jirani haihusiki na hiyo haki yako, yenyewe inataka kujua wewe ni raia wa nani, manake siku ikiamua kukutoa lazima iwepo nchi inayowajibika kukupokea, na hapo kadi haina la kusema, ni pasipoti ndo inasema. Watu wetu wengi wanachanganya kwa sababu wamezoea mambo ya Busia na Malaba, ambako tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti. Sawa, lakini kile kitambulisho kinasema huyu ni raia wetu, akileta shida mrudisheni. Grini kadi inasema huyu ni mgeni ambaye tumemruhusu kukaa. Ni vitu viwili tofauti hata kama vyote ni kadi za kuingia kwenye pochi.

Sasa kanuni yenyewe. Tangu tarehe 26 Aprili 2022 Kanada inamtaka mkaazi wa kudumu wa Marekani aonyeshe vitu viwili, pasipoti halali ya nchi yake ya uraia (au hati ya safari inayokubalika mahali pake) NA grini kadi halali au uthibitisho mwingine wa hadhi yake. Vyote viwili, sio kimoja. Kabla ya hapo mtu aliyekuwa anavuka kwa gari akitokea Marekani aliweza kupita na kadi peke yake, kwa hiyo ukimsikia mzee wa mtaani kwenu anasema "mimi nilienda Windsor na kadi tu wala sikuulizwa kitu" (Windsor ni mji wa Kanada ng'ambo ya Detroit) hakudanganyi, ila anakusimulia habari za zamani. Na wenye NEXUS, ile kadi ya wasafiri waliokaguliwa mapema, msijione mmeokoka, ile kadi inakupa laini fupi lakini pasipoti na grini kadi bado unatakiwa uwe navyo kwenye gari.

Uzuri ni kwamba ukiwa na hivyo viwili huhitaji viza ya Kanada wala ile ruhusa ya mtandaoni inayoitwa eTA, hata kama pasipoti yako ni ya Kongo, Burundi, Tanzania au popote ambapo kwa kawaida raia wake wanasubiri viza kwa miezi. Grini kadi ndo imekufutia viza. Hapo ndo faida yake ilipo kwa upande wa Kanada, inaondoa viza, haiondoi pasipoti.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla hujanunua suti ya harusi, ni kufungua droo na kuangalia tarehe. Pasipoti imeisha? Anza na ubalozi wa nchi yako mapema, na usiamini mtu anayekwambia stakabadhi ya maombi inatosha, haitoshi. Angalia pia majina, kama ulibadilisha jina baada ya kuolewa na kadi inasema hivi na pasipoti inasema vile, beba cheti cha ndoa, manake afisa akiona majina mawili ataanza maswali ambayo ungeweza kuyaepuka kwa karatasi moja.

Wakimbizi wenzetu hapa someni polepole. Kama uliingia Marekani kama mkimbizi au ulipewa hifadhi, kuchukua pasipoti ya nchi uliyoikimbia ni jambo la hatari kisheria, kwa sababu linaweza kutafsiriwa kwamba umerudi chini ya ulinzi wa serikali ile ile uliyosema inakutafuta. Usilifanye kwa ajili ya harusi ya wikendi moja. Njia yako ni hati ya safari ya mkimbizi, ambayo Marekani yenyewe inakupa, unaomba kwa fomu I-131 ukiwa bado ndani ya nchi, na inadumu mwaka mmoja tu kwa hiyo usiiombe leo kwa safari ya miaka miwili ijayo. Hiyo hati inasimama mahali pa pasipoti. Ukiwa nayo pamoja na grini kadi Kanada unaingia bila viza. Lakini kama bado hujapata grini kadi na una hati ya safari peke yake, basi Kanada watakutaka uwe na viza, na hiyo unaiomba kabla, darajani hawaitoi.

Kadi yenyewe je, ikiwa imeisha? Hapa watu wanaogopa bure au wanajiamini bure. Kadi ya miaka 10 ikiisha ukaazi wako haujaisha, ni plastiki tu imeisha, ila huwezi kwenda mpakani na plastiki iliyokufa ukaeleza falsafa. Ukishatuma I-90, fomu ya kuomba kadi mpya, unapata barua ya I-797 inayoongeza muda wa kadi, na tangu Septemba 2024 nyongeza hiyo ni miezi 36. Wale wa kadi ya miaka 2 ya ndoa waliotuma I-751, fomu ya kuondoa masharti ya kadi hiyo, barua yao inaongeza miezi 48. Unabeba kadi iliyoisha pamoja na barua halisi, sio picha kwenye simu. Kanada nao wanaikubali kadi ya hivyo ikiambatana na barua, ila jiandae kusubiri kidogo afisa akiisoma. Kama kadi imepotea kabisa, omba miadi na USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani) wakugongee muhuri wa I-551 kwenye pasipoti, huo muhuri unafanya kazi ya kadi pande zote mbili.

Haya, siku ya safari. Ukikaribia kibanda cha Kanada zima muziki, shusha vioo vyote hata vya nyuma, vua miwani ya jua, simu weka chini. Kusanya hati za watu wote ndani ya gari mapema na umpe dereva, pasipoti na kadi ya kila mtu zikiwa pamoja, manake hakuna kinachoudhi kama watu watano kuanza kuchakura mikoba dirishani huku foleni nyuma inapiga honi. Maswali yenyewe ni ya kawaida: unaishi wapi, unaenda wapi, kufanya nini, siku ngapi, umebeba nini. Jibu kilichoulizwa. Ukiulizwa siku ngapi sema "tatu, tunarudi Jumatatu", usianze historia ya bwana harusi. Kama una kadi ya mwaliko au anwani ya mwenyeji iwe karibu, hawaiulizi mara nyingi lakini wakiiuliza inamaliza mjadala.

Mambo matatu yanaweza kukuangusha hapo hata hati zako ziwe safi kama nini. La kwanza kesi ya kuendesha umelewa. Watu wanaichukulia kama kosa dogo la barabarani, lakini Kanada tangu Desemba 18, 2018 imeipandisha hadi kundi la makosa makubwa kwa mambo ya uhamiaji, kwa hiyo kesi moja tu inaweza kukurudisha na grini kadi haikuokoi. La pili silaha, kama bunduki yako huwa inakaa kwenye gari iache nyumbani, kabisa. La tatu bangi. Kanada imeihalalisha tangu Oktoba 2018, majimbo mengi ya Marekani pia, halafu mtu anafikiri basi anaweza kuvuka nayo. Hapana, kuivusha mpaka ni kosa kuelekea upande wowote, na kwa sheria ya taifa ya Marekani bado ni dawa ya kulevya, kwa hiyo mwenye grini kadi akikutwa nayo wakati wa kurudi, au hata akijisifu dirishani kwamba alivuta, anaweza kujiletea matatizo ambayo raia aliyekaa naye gari moja hayapati. Ndo hivyo, sheria sio sawa kwa wote ndani ya gari.

Kurudi sasa. Hapa kadi ndo mfalme, sheria ya Marekani inamruhusu mkaazi aliyetoka chini ya mwaka mmoja kurudi na grini kadi bila hata kuonyesha pasipoti. Lakini kuna swali moja pale dirishani ambalo naomba ulikariri jibu lake kabla hujafika: raia wa wapi? Afisa anauliza haraka haraka, umechoka, gari lote wenzako ni raia wanasema "Marekani, Marekani, Marekani", na wewe mdomo unateleza unasema Marekani. USISEME HIVYO. Kudai uraia wa Marekani wakati huna ni kosa zito sana kwenye sheria ya uhamiaji, linaweza kukufungia mlango maisha na kukutoa nchini, na tangu mwaka 1996 msamaha wake karibu haupo. Jibu sahihi ni "raia wa Kenya, mkaazi wa kudumu wa Marekani" na unampa kadi. Mkiwa kwenye gari na dereva ni raia, asijibu kwa niaba ya wote "sisi wote ni raia", mwambieni kabla. Hii nairudia kwa sababu dirishani mambo yanaenda kwa sekunde, na ni kosa la mdomo tu, hakuna karatasi itakayolifuta.

Na ile leseni ya udereva yenye nyota, Real ID, haivushi mtu mpaka. Inakupandisha ndege za ndani basi. Kuna leseni nyingine maalum za mpakani zinazotolewa Michigan, New York, Washington, Vermont na Minnesota, lakini hizo ni za raia wa Marekani, usijaribu.

Ukikaa nje siku nyingi habari inabadilika. Ukizidisha siku 180 wanaweza kukuchukulia kama mtu anayeomba kuingia upya na maswali yanakuwa mengi, ukizidisha mwaka kadi peke yake haitoshi, ulitakiwa uwe na kibali cha kurudi ambacho nacho kinaombwa kwa I-131 kabla ya kuondoka. Usidanganye tarehe. Marekani na Kanada zinapeana rekodi za mipaka ya ardhi, ukiingia huku inaandikwa umetoka kule, kwa wasio raia hili lipo tangu 2013. Na ikitokea afisa anakubana, anasema umekaa sana nje na anakupa fomu I-407 usaini, jua kwamba ile ni fomu ya kuachia ukaazi kwa hiari, na hiari ni hiari. Una haki ya kukataa kusaini na kuomba suala lako liende kwa jaji wa uhamiaji. Kataa kwa adabu, lakini kataa.

Watoto: aliyezaliwa Marekani na yuko chini ya miaka 16 anavuka kwa ardhi na cheti cha kuzaliwa, pasipoti sio lazima. Ila mzazi mmoja akisafiri naye bila mwenzake, au shangazi akimbeba, andikeni barua ya ruhusa yenye sahihi na namba ya simu ya mzazi aliyebaki, ikibidi ipelekeni kwa mthibitishaji wa hati aigonge muhuri. Kanada wako makini sana na watoto na wana sababu zao, na mtoto mwenyewe anaweza kuulizwa "huyu ni nani kwako?" kwa hiyo kama amezoea kumwita shangazi mama, mwelezeni kabla.

Kuna kundi ambalo ushauri wangu kwao ni mfupi, msiende. Kama ombi lako la grini kadi (I-485) bado liko mezani na huna ile ruhusa ya kutoka na kurudi, ukivuka mpaka hata kwa saa moja ombi linahesabiwa umeliacha, isipokuwa wachache wenye viza za kazi za H na L. Wanaoomba hifadhi hali ni hiyo hiyo. Kadi ya ruhusa ya kazi sio hati ya kuvukia, hata kama ina picha yako na bendera. Wenye viza za masomo na kazi wana kanuni yao, viza iliyoisha inaweza kuhesabika hai ukirudi kutoka Kanada ndani ya siku 30 ukiwa na I-94 (rekodi yako ya kuingia Marekani) ambayo bado ina muda na pasipoti halali, ila kuna masharti, kwa mfano ukiomba viza mpya ukiwa kule hiyo nafasi unaipoteza, na Kanada wenyewe watataka viza yao kama uraia wenu unadai viza.

Na wakaazi wa Detroit mnaijua hii: kwenye barabara kuu ya I-75 kuna njia ya kutokea inayopeleka moja kwa moja Ambassador Bridge, daraja la kwenda Kanada, ukikosea laini ramani ya simu inakupandisha darajani na hakuna pa kugeuzia, unajikuta Windsor bila kutaka. Kama huna hati kamili kaa mbali na zile laini, weka ramani iepuke barabara za kulipia na usome vibao vinavyosema Kanada. Ikishatokea usijaribu ujanja wowote, mwambie afisa wa kwanza utakayemwona kwamba umepotea njia, na kama una mwanasheria namba yake iwe kwenye karatasi, simu inaweza kuchukuliwa.

Waliopo upande wa pili, wakaazi wa kudumu wa Kanada, kwenu picha inageuka. Kadi yenu haiwapi kuingia Marekani hata kidogo, mnahitaji pasipoti na viza ya Marekani kama uraia wenu unadai viza, hapo hakuna huruma kama ile Kanada inayowapa wa grini kadi. Kurudi Kanada ndo kuna unafuu mmoja ambao wengi hawaujui: ukirudi kwa basi, treni au ndege lazima uwe na kadi halali ya ukaazi au hati maalum ya kurudia ambayo inaombwa ukiwa nje, lakini ukirudi kwa gari binafsi, liwe lako, la kuazima au la kukodi, unaweza kujieleza mpakani kwa hati nyingine, mfano kadi iliyoisha au karatasi yako ya kuthibitishwa ukaazi pamoja na pasipoti. Ndo maana utasikia mtu ametua na ndege Buffalo akafuatwa na rafiki kwa gari. Sio uchawi. Ila afisa atahesabu kama umetimiza siku 730 ndani ya Kanada katika miaka 5, kwa hiyo kama hujatimiza gari halitakuficha.

Kwingine duniani mantiki ni ile ile. Meksiko hawadai viza ukiwa na grini kadi lakini pasipoti wanaitaka. Ulaya ya Schengen, yaani nchi zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kadi ya ukaazi ya nchi moja inakuruhusu kutembelea nyingine hadi siku 90 katika kila siku 180, kwa sharti uwe na pasipoti halali, na watu wanajisahau kwa sababu basi linavuka bila kusimama, halafu siku polisi wanapanda, kama Ujerumani ambayo Septemba 2024 ilianza kukagua mipaka yake yote ya ardhi. Kati ya Ireland na Ireland ya Kaskazini hata kibanda hakuna, lakini kukosekana kwa kibanda hakumaanishi kwamba kadi ya Dublin inakupa haki ya kuwa Belfast, kama uraia wako unadai viza ya Uingereza basi unaihitaji hata pale.

Swali la mwisho ambalo huwa linakuja kwa meseji za usiku: nimeshaingia Kanada na kadi imeibwa, nifanyeje? Ripoti polisi upate karatasi. Kwa ndege ungehitaji kwanza kibali cha kupandia kutoka ubalozi wa Marekani kwa fomu I-131A, lakini kwa ardhi hakuna shirika la kukuzuia kupanda, unaenda mwenyewe mpakani na pasipoti, ripoti ya polisi, picha au kopi ya kadi pande zote mbili, leseni, chochote chenye jina lako. Alama zako za vidole wanazo. Utapelekwa ndani kwa ukaguzi wa pili, utakaa, inaweza kuwa saa kadhaa, na afisa anaweza kukuruhusu kwa fomu ya msamaha I-193 ambayo ina ada yake sio ndogo. Nenda asubuhi siku ya kazi, usiende Jumapili jioni wakati daraja limejaa watu wanaorudi kutoka wikendi.